Mbegu Isiyoliwa

Somo: Zaburi 126

Leo tuzungumze habari ya ngano. Labda sasa hivi mbele yako kuna chai na kipande cha mkate, au jikoni mtu anasukuma chapati. Chakula hiki kimetoka mbali sana kabla ya kufika mezani pako.

Zamani ngano ilikuwa nyasi za mwituni tu. Ilimea juu ya vilima vya nchi ambazo leo twaziita Uturuki, Siria na Iraki. Watu waliikusanya kabla hawajajua kulima. Ngano hiyo ya mwituni ilikuwa na desturi moja: ikikauka, suke lake huvunjika lenyewe, na punje huanguka chini. Ndivyo ilivyojipanda bila msaada wa mtu.

Lakini mara moja moja palitokea mmea wenye kasoro, ambao suke lake halikuvunjika. Mwituni mmea kama huo haungeweza kueneza mbegu zake vizuri. Kwa mwanadamu mwenye njaa, huo ndio uliobaki mkononi mwake alipovuna. Akaubeba nyumbani, akapanda punje zake. Hayo yalianza yapata miaka 10,000 iliyopita. Mwaka baada ya mwaka, mmea ule wenye kasoro ukajaza mashamba. Baadaye, karibu na Bahari ya Kaspi, ngano ya shambani ilichanganyika yenyewe na nyasi moja ya mwituni, na hapo ikapatikana ngano tunayoitumia kwa mkate. Msiisahau nyasi hiyo, tutairudia.

Basi, ndugu, tazama jinsi mambo yalivyo. Ngano ya leo hutegemea mkono wa mtu. Ni lazima ivunwe, ipurwe, ipepetwe, kisha ipandwe tena. Na kwa kuwa ni hivyo, kila mwaka, katika kila nchi ya ngano, lazima awepo mtu atakayeacha sehemu ya mavuno bila kuila.

Hapo ndipo ninapoielewa Zaburi ya 126. Inamtaja mtu anayekwenda kupanda huku akilia. Kwa nini alie, na kupanda ni jambo la matumaini? Wengi wetu tuliolelewa shambani tunajua jibu. Mvua huja wakati ghala limekwisha. Watoto wana njaa, na mbegu iliyo kikapuni ingeweza kupikwa jioni ile ile. Mama zetu walitundika mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, wakatuonya tusiyaguse. Tuliyatazama kila usiku tukiwa na njaa, wala hayakupikwa.

Sasa sikilizeni habari ya watu wa mbali walioshika neno hilo hilo. Katika mji wa Leningrad, nchini Urusi, kulikuwa na taasisi iliyotunza mbegu za dunia. Mkuu wake alikuwa Nikolai Vavilov. Alisafiri nchi nyingi akikusanya mbegu. Mwaka 1927 alifika hata Ethiopia, akachukua ngano za wakulima wa huko. Mwaka 1940 serikali yake ilimkamata, na mwaka 1943 akafa gerezani, mwili wake umedhoofishwa na njaa.

Mji wenyewe ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hata Januari 1944. Katika majira ya baridi ya kwanza, watu wengi walipewa gramu 125 tu za mkate kwa siku, nao ulikuwa umechanganywa na vitu visivyo unga. Mamia ya maelfu walikufa. Ndani ya taasisi mlikuwa na ngano, mpunga, mahindi na maharagwe. Watunzaji hawakula. Mmoja wao, Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, alikufa kwa njaa, naye amezungukwa na vifurushi vya mpunga.

Je, walikuwa wapumbavu? Tujibu kwa habari ya huku kwetu. Tangu walowezi walipoanza kulima ngano Njoro, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu umeisumbua. Mwaka 1998 kutu ya namna mpya ilionekana Uganda. Ikaitwa Ug99, ikavuka mpaka, ikaingia Kenya. Ngano zilizotegemewa duniani zikashindwa mbele yake, na wakulima wetu wakapata hasara kubwa. Ngano za nchi nyingi zikaletwa Njoro zijaribiwe. Mwaka 2013 wataalamu walieleza asili mbili za nguvu ya kuizuia kutu hiyo. Moja ilitoka katika ngano ya kale ambayo karibu watu wote wameiacha. Ya pili ilitoka katika nyasi ile ya mwituni niliyoitaja. Kama hakuna aliyezihifadhi mbegu zisizo na faida machoni pa watu, tungezipata wapi siku ya haja?

Mpendwa msikilizaji, punje iliyoliwa ni mlo wa jioni moja. Nyumbani mwako kuna mbegu gani? Huenda ni kipande cha shamba ambacho baba hakukiuza katika mwaka wa njaa. Huenda ni karo ya mtoto, nawe unashawishika kuitumia kwa jambo lingine. Sisemi ni rahisi. Zaburi yenyewe haifichi machozi. Lakini inasema pia habari ya mavuno na ya furaha, na mwenye kurudi na miganda ni yule yule aliyetoka akilia.

Leo ukiumega mkate, kabla ya kumshukuru Mungu, mkumbuke mtu asiyejulikana ambaye hakuila mbegu yake. Kisha umwombe Bwana akupe moyo kama wa mtu huyo.

Mungu awabariki. Amina.