Kukwama kwa Video katika Kiendeshi cha Kamera ya USB: Namna ya Kubaini Mahali Fremu Zinapopotelea

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sababu za kukwama kwa video inayotoka katika kamera ya USB pamoja na namna ya kuzitofautisha. Mfano unaotumika ni uvcvideo, kiendeshi cha kamera za USB katika mfumo wa Linux. Hoja kuu ni kwamba uhamishaji unaotumiwa na kamera nyingi hupoteza data kimyakimya, tena kwa makusudi ya wabunifu wake. Kwa sababu hiyo, mchunguzi hana budi kukusanya ushahidi katika tabaka tatu, yaani njia ya USB, kiendeshi na programu tumizi, kabla ya kutamka chanzo cha hitilafu.

1.0 Utangulizi

Video inapokwama mbele ya mtazamaji, hasara yake ni kero tu. Video inapokuwa data ya utafiti, hasara huwa kubwa zaidi, kwa kuwa huingia katika matokeo bila kuonekana. Tuchukue mfano wa mtafiti anayekadiria mwendo wa magari kwa kuhesabu fremu. Kamera hutoa fremu 30 kwa sekunde, na gari linapita umbali wa mita 20 kwa sekunde 1.5. Kwa hesabu sahihi, safari hiyo huchukua fremu 45, na mwendo wa gari ni kilomita 48 kwa saa. Iwapo fremu 5 zitapotea njiani, mtafiti atahesabu fremu 40, atapata muda wa sekunde 1.33, na ataandika kilomita 54 kwa saa. Gari lililokuwa chini ya kikomo cha kilomita 50 kwa saa, kinachotumika katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, limekwisha kugeuzwa kuwa lililovunja sheria. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliojitokeza.

Kwa hiyo, swali la mahali fremu zinapopotelea si la mafundi peake yao. Ni swali la uhalali wa data.

2.0 Uhamishaji wa isokroni na ukimya wake

Kiwango cha USB 2.0, kilichotolewa mwaka 2000, kina aina nne za uhamishaji: wa udhibiti, wa ukatizi, wa wingi na wa isokroni. Katika uhamishaji wa wingi, unaotumiwa na diski na printa, mpokeaji hukiri kupokea kila pakiti, na pakiti iliyoharibika hutumwa upya. Uhamishaji wa isokroni hufuata kanuni tofauti: hutengewa nafasi yake katika kila kipindi cha muda, lakini hauna ukiri wala kutuma upya. Kamera nyingi za USB 2.0 hutumia aina hii kwa sababu picha iliyochelewa haina faida kwa anayetazama tukio linaloendelea.

Katika mwendo wa juu wa USB 2.0, wa megabiti 480 kwa sekunde, muda hugawanywa katika vipande vya mikrosekunde 125. Ncha moja ya isokroni inaweza kutuma hadi pakiti tatu za baiti 1,024 katika kila kipande, yaani baiti 3,072. Kwa kuwa sekunde moja ina vipande 8,000, ukomo wa ncha hiyo ni baiti 24,576,000 kwa sekunde.

Hapa kuna utata wa istilahi unaopoteza wachunguzi wengi. Kiwango cha USB kina ishara rasmi iitwayo STALL, ambayo kifaa huitoa kueleza kwamba ncha yake imesimama. Msomaji anaweza kudhani kwamba video iliyokwama ni matokeo ya ishara hiyo. Dhana hiyo si sahihi kwa ncha ya isokroni, kwa kuwa ncha isiyo na ukiri haina pa kutolea ishara ya STALL. Kinachoonekana kama kusimama ni ukosefu wa data tu, na ukosefu huo unaweza kuanzia mahali popote kati ya kamera na skrini.

Kiendeshi hutambua mpaka wa fremu kwa kusoma kichwa kidogo kilicho mwanzoni mwa kila fungu la data. Ndani ya kichwa hicho mna biti iitwayo FID, inayobadilika kutoka 0 kwenda 1 na kurudi 0 kila fremu mpya inapoanza, na biti nyingine inayoonyesha mwisho wa fremu. Picha isiyobanwa ya pikseli 640 kwa 480, yenye baiti mbili kwa kila pikseli, inapaswa kuwa na baiti 614,400. Zikipungua, kiendeshi hujua kwamba fremu ni pungufu. Kwa picha iliyobanwa, kipimo hicho hakifai, kwa sababu ukubwa wa kila fremu hutofautiana.

3.0 Tabaka tatu za upotevu

3.1 Njia ya USB

Katika mwendo wa juu, uhamishaji wa vipindi hauruhusiwi kuzidi asilimia 80 ya kila kipande cha muda. Kipande kizima kina nafasi ya baiti 7,500. Asilimia 80 yake ni baiti 6,000. Kamera mbili, kila moja ikiomba baiti 3,072, zinahitaji baiti 6,144, hata kabla ya kuhesabu gharama za itifaki. Hazitoshei. Kamera ya pili hukataliwa kwa msimbo wa kosa −28, ambao maelezo yake ya kawaida katika Linux ni kwamba kifaa hakina nafasi iliyobaki. Mtumiaji huanza kufuta mafaili katika diski, ilhali nafasi iliyokwisha ni ya njia ya USB.

Ikumbukwe kwamba nafasi hutengwa kulingana na kile kamera inachoomba, si kile inachotumia. Baadhi ya kamera huomba nafasi kubwa kuliko mahitaji yake. Kwa picha zisizobanwa, uvcvideo ina kigezo kinachokiamuru kiendeshi kukokotoa mahitaji hayo chenyewe. Suluhisho jingine ni kupunguza ukubwa wa picha, kutumia picha zilizobanwa, au kuihamishia kamera ya pili kwenye kidhibiti kingine cha USB.

Hitilafu ya aina hii huzuia video kuanza. Video iliyoanza vyema kisha ikakatikakatika huashiria jambo jingine katika tabaka hilihili, kwa mfano kebo mbovu. Alama yake ni makosa ya itifaki, kama vile msimbo −71, yaliyoandikwa kwenye pakiti mojamoja.

3.2 Kiendeshi

Kiendeshi hakipokei data moja kwa moja kutoka katika waya. Hukabidhi kidhibiti cha USB maombi matupu, yaitwayo URB katika msimbo wa Linux. Kidhibiti huyajaza na kuyarudisha, na kiendeshi huyasoma kisha huyakabidhi tena. Kwa muda mrefu uvcvideo imekuwa ikitumia maombi 5, kila moja likiwa na pakiti zisizozidi 32. Ikiwa kila pakiti inachukua kipande kimoja cha mikrosekunde 125, akiba yote ni ya milisekunde 20.

Tarakimu hiyo ndiyo kiini cha tabaka hili. Iwapo kompyuta itashughulika na kazi nyingine kiasi cha kuchelewa kurudisha maombi kwa zaidi ya milisekunde 20, kidhibiti hakitakuwa na mahali pa kuweka data. Kamera haitajua, na itaendelea kutuma. Tatizo hili liliwahi kuonekana wazi katika vichakato vya ARM, ambamo kunakili picha kutoka katika kumbukumbu isiyopitia kache kulichukua muda mrefu ndani ya kishughulikia ukatizi. Wasanidi wa uvcvideo walilitatua kwa kuihamisha kazi ya kunakili nje ya kishughulikia hicho.

Somo la kimbinu ni kwamba mchunguzi asiweke ujumbe wa kuchapishwa katika kila pakiti. Uchapishaji wenyewe hula muda, na hivyo huweza kuzalisha hitilafu ileile inayotafutwa.

3.3 Programu tumizi

Programu tumizi nayo hukopesha kiendeshi bafa za kuwekea fremu zilizokamilika. Ikiwa zipo bafa 4 na fremu ni 30 kwa sekunde, akiba ni ya takribani milisekunde 133. Programu inayosimama kwa milisekunde 200 ili kuandika kwenye diski itapoteza fremu, hata kama USB na kiendeshi ni vizima kabisa. Katika hali hii, kubadilisha kebo au kurekebisha kiendeshi ni kutibu mguu usiouma.

4.0 Kusoma ushahidi

Hatua ya kwanza ni kurekodi, kwa kila fremu, mambo mawili yanayotolewa na kiendeshi: namba ya mfuatano na muhuri wa muda. Uvcvideo huongeza namba ya mfuatano kila biti ya FID inapobadilika, iwe kuna bafa au hakuna. Kwa hiyo, programu tumizi ikichelewa, namba huruka, kwa mfano kutoka 210 hadi 213.

Hata hivyo, namba hiyo haitoshi peke yake. Tuseme fremu ya kwanza, yenye FID 0, imepokelewa hadi mwisho. Fremu ya pili, yenye FID 1, imepotea yote. Na fremu ya tatu imekuja na FID 0. Kiendeshi hakioni badiliko lolote, hivyo hutupa data ya fremu ya tatu kikisubiri biti igeuke. Fremu ya nne inapofika na FID 1, namba huongezeka kwa moja tu. Fremu mbili zimepotea na mfuatano unaonekana timilifu. Ushahidi pekee uliobaki ni muhuri wa muda, ambao unaonyesha pengo la takribani milisekunde 100 badala ya 33. Mtafiti anayekagua namba bila kukagua muda atapitisha data yenye kasoro.

Hatua ya pili ni kunasa video bila kuichakata, kwa zana kama v4l2-ctl. Mapengo yakitoweka, chanzo ni programu tumizi. Yakibaki, hatua ya tatu ni kutumia usbmon, inayoorodhesha kila ombi linapokabidhiwa na linaporudi. Maombi yakichelewa kukabidhiwa tena, tatizo limo katika kompyuta. Yakikabidhiwa kwa wakati lakini yakarudi na makosa ya itifaki, uchunguzi uelekezwe kwenye kebo, kamera na vifaa vilivyo kati yake na kompyuta. Msimbo −18 kwenye pakiti huonyesha tu kwamba uhamishaji wa isokroni haukukamilika. Hautoshi kuamua chanzo. Isisahaulike kwamba usbmon huona maombi, haioni waya.

Hatua ya nne ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kurudia kipimo kilekile. Anayebadilisha kebo, ukubwa wa picha na idadi ya bafa kwa pamoja anaweza kupata video nzuri, lakini hatakuwa amejifunza chochote.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kukwama kwa video ni dalili moja yenye asili tofauti, na kwamba akiba ya muda ya kila tabaka hukokotoleka: milisekunde 20 katika kiendeshi na takribani 133 katika programu tumizi ya mfano wetu. Pengo lililopimwa likilinganishwa na akiba hizo, mchunguzi hujua pa kuanzia.

Kwa utafiti unaotegemea video, muda usipatikane kwa kuhesabu fremu, bali kwa kutoa muhuri wa kwanza katika muhuri wa mwisho. Katika mfano wa gari, fremu 5 zingepotea vilevile katikati ya safari, lakini tofauti ya mihuri ingebaki sekunde 1.5, na mwendo ungeandikwa kilomita 48 kwa saa. Aidha, ripoti ya utafiti itaje idadi ya mapengo yaliyoonekana katika mihuri hiyo, ili msomaji aweze kupima mwenyewe uzito wa matokeo.