Televisheni Iliyorowa Yafufuliwa kwa Vipuri vya Iliyovunjika

Siku hizi nyumba nyingi mjini Mombasa zina televisheni, na nyingi ya hizo ni zile bapa zinazotundikwa ukutani kama picha. Ni nyepesi, hazili nafasi, na zaonyesha vizuri kuliko yale masanduku mazito tuliyoyajua tangu kituo cha televisheni cha Sauti ya Kenya kilipofunguliwa hapa Mombasa mwaka 1970. Lakini zina aibu moja ambayo wauzaji hawaitaji: mgongo wake umejaa matundu ya kutolea joto, na tundu litoalo joto ndilo hilo hilo liingizalo maji. Nazo nyumba zetu za zamani, zenye mabati yaliyoliwa na upepo wa bahari, hazikosi mahali pa kuvuja.

Yaliyotufika sisi yalianza mwezi wa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita kusini yetu na kukipiga kisiwa cha Mafia huko Tanzania tarehe 4 ya mwezi huo. Sisi tulibakia na masika yetu, na usiku mmoja mvua ilinyesha tangu Isha hadi alfajiri. Msumari mmoja wa bati ukalegea. Maji yakateremka ukutani polepole, bila kelele, yakaingia katika mgongo wa televisheni. Mama alipoamka kuswali Alfajiri alikuta mkeka umerowa na ile taa ndogo nyekundu imezimika.

Hapana budi nieleze kwa nini jambo hili lilitutia majonzi kuliko thamani ya chombo chenyewe. Mama yangu ni mtu mzima, magoti yamekataa, na sebule ile ndiyo dunia yake. Michezo ya kuigiza haitazami. Hutazama matangazo ya Makka yanayokuja kwa dishi, Haram usiku na mchana, hata watu wa nyumba wamezoea kusikia adhana ya kule baada ya kwisha ya hapa. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kwenda Hija. Mwaka huo dada yangu alikuwa amelipa, amepata nafasi, na safari ilikuwa mwanzo wa Juni. Mama alikuwa na ombi moja tu, nalo ni kuiona siku ya Arafa, awaone wale watu ambao bintiye atakuwa katikati yao.

Sasa nilifanya kosa ambalo nalieleza hapa ili mwingine asilifanye. Niliipangusa televisheni kwa kitambaa, nikaingoja hadi Adhuhuri, nikaona ukavu wa nje nikaudhania ni ukavu wa ndani. Nikatia plagi, nikabonyeza rimoti. Palitoka mlio mdogo kama njugu inayopasuka kikaangoni, kisha harufu ya kuungua.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alifungua skrubu mbili, akachungulia, akazirudisha. "Hii imeingia maji, mzee. Tupa, nunua nyingine." Simlaumu sana. Kazi ya maji huchukua siku nyingi mezani, na mwenye kibanda hulipwa kwa vyombo vinavyotoka, si kwa vinavyolala.

Aliyeikubali kazi ni mpwa wangu, mwana wa huyo huyo dada aliyekuwa akienda Hija. Anasoma mambo ya umeme katika chuo cha ufundi. Aliposikia nilivyofanya aliinamisha kichwa, akasema, "Mjomba, maji hayakuiua. Aliyeiua ni wewe." Alisema kwa adabu, lakini alisema.

Maneno yake yana ukweli ambao wengi hatuujui. Maji ya mvua yakiwa safi hayapitishi umeme kwa urahisi. Kinachoyapa nguvu ni vile yanavyochukua njiani: vumbi, masizi, kutu ya bati, na kwetu sisi watu wa pwani, chumvi inayotua kila mahali kwa upepo. Maji ya namna hiyo yakilala juu ya bodi, yaani ule ubao wa kijani wenye njia nyembamba za shaba, huwa daraja baina ya njia zisizopaswa kukutana. Umeme usipokuwapo, yatakauka na kuacha uchafu unaoweza kusafishwa. Umeme ukiwapo, njia huungua palepale, au shaba huliwa kidogo kidogo hata ikatoa ukoko wa kijani. Kwa hivyo chombo kilichorowa kichomolewe ukutani kabla ya lolote, wala kisijaribiwe "kuona kama kitawaka." Kule kujaribu ndiko kunakoharibu. Na mkono wenye maji usishike plagi. Kwanza zima umeme wa nyumba.

Basi tulianza kwa kungoja. Jirani mmoja alishauri ifukiwe kwenye mchele. Mama akajibu kwamba mchele wake ni wa pilau. Mwingine alisema iwekwe juani, na hilo pia mpwa alilikataa, kwa sababu nyuma ya kioo mna karatasi za plastiki za kusambaza mwanga, na jua kali huzikunja. Ilisimamishwa wima kivulini, kifuniko cha nyuma kimetolewa, panka ikiipulizia siku tatu usiku na mchana.

Hapa pana hatari, nami namwomba msomaji asiipite mbio. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 240. Ukiingia katika bodi ya umeme ya televisheni hugeuzwa na kuhifadhiwa katika kapasita moja kubwa, umbo lake kama kopo dogo, na humo hufika kiasi cha volti 340. Kapasita hiyo yaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa. Ni kweli masanduku ya zamani ya rangi yalikuwa na volti elfu ishirini na zaidi kwenye kioo chao, na mafundi wakiyaogopa. Lakini 340 zatosha kabisa kumtoa mtu roho. Mpwa alipima kwa mita kabla ya kugusa chochote, akaunga balbu baina ya miguu miwili ya ile kapasita ili imalize kilichobaki, akapima tena hata mita ikasoma sufuri. Watoto walikuwa wametolewa chumbani. Asiye na mita, na asiyejua kuitumia, asifungue.

Televisheni ililazwa kifudifudi juu ya godoro lililotandikwa leso, ili kioo kisiguswe na kitu kigumu. Ndani, kwa mtu aliyezoea kuona masanduku yale yaliyojaa vifaa, mnashangaza kwa utupu. Mlikuwa na bodi tatu tu: ya umeme, ile kubwa inayopokea picha na sauti, na moja nyembamba karibu na kioo inayogawa picha. Kila bodi ilipigwa picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote, nazo skrubu zikatiwa katika vifuniko vya chupa kwa mafungu, kwa kuwa ndefu ikitiwa mahali pa fupi hutoboa.

Bodi ya picha ilikuwa na ukoko mweupe na kijani upande mmoja. Ilisuguliwa kwa mswaki laini na spiriti ile ya mafundi, ambayo hukauka bila kuacha unyevu. Spiriti ilimtia mama wasiwasi. Alitaka kujua kama ni katika ulevi, na tone likiangukia mswala itakuwaje. Mpwa alimwambia kwamba hii hainyweki, ni sumu. Mama hakuridhika, akaamuru kazi ihamie barazani. Hukumu yake nawaachia wenye elimu, lakini kwa usalama mama alisema kweli, kwani mvuke wake huumiza kichwa na moto huidaka upesi.

Bodi ya umeme ndiyo iliyokuwa maiti. Fyuzi ilikatika, na nyuma ya fyuzi transista iliyo kubwa kuliko nyingine ilikuwa imepasuka. Ndio ule mlio wa njugu. Wako mafundi ambao hapo hufunga kijiwaya mahali pa fyuzi ili chombo kiwake. Hiyo si tiba, ni kuwasha moto nyumbani. Fyuzi haikatiki bure. Yasema kwamba mbele yake kuna jambo.

Ndipo ikaja safari ya kutafuta vipuri. Msomaji pengine hajui kwamba kilicho ghali katika televisheni bapa ni kioo. Kikipasuka, kukibadilisha hukaribia bei ya chombo kizima, kwa hivyo mwenyewe huiuza kwa bei ya chakavu, bodi zake zikiwa nzima. Yetu ilikosa bodi na kioo chake kizima; mahali fulani mjini palikuwa na iliyo kinyume chake. Tulizunguka kwa wanunuzi wa vyombo vibovu, tukaona televisheni zilizopasuka zimepangwa kama vitabu. Nyingine, kwa maelezo ya mwenye duka, zilikuwa majeruhi wa Kombe la Afrika la mwanzo wa mwaka huo, watoto wakiigiza magoli sebuleni.

Ya kwanza tuliyonunua ilikuwa hasara. Kampuni moja, inchi 40 sawasawa, hata jina la mgongoni ni lile lile. Tulipoifungua nyumbani, bodi yake ilikuwa nyingine kabisa, na soketi zake hazikukubaliana na nyaya zetu. Kumbe kiwanda hutoa televisheni za jina moja kwa vioo na bodi tofauti, kwa kadiri ya vilivyopatikana. Kinachofuatwa ni nambari iliyochapwa juu ya bodi yenyewe, herufi kwa herufi. Mara ya pili tulikwenda na nambari hiyo katika karatasi, na mpwa hakukubali kutoa pesa mpaka mgongo umefunguliwa mbele yake. Shilingi 3,500 zikatoka. Ndani ya ile maiti tuliikuta bodi yetu, safi, haijaguswa na maji.

Bodi ikafungwa. Lakini mpwa hakuitia umeme moja kwa moja. Alichukua balbu ya kizamani ya wati 100, ile inayotoa joto, akaiunga katika waya mmoja wa njia ya umeme, hata umeme ulazimike kupita katika balbu ndipo uifikie televisheni. Njia ni ya mafundi wa zamani nayo haijapitwa. Kama kuna hitilafu ndani, balbu huwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na chombo husalimika. Kama hakuna, hung'aa mara moja kisha hufifia. Tulikaa kimya watu watatu tukiitazama balbu. Iling'aa, ikafifia. Taa nyekundu ikarudi.

Balbu ikaondolewa, umeme ukatiwa wa kawaida, rimoti ikabonyezwa, na sauti ya msomaji wa Kurani ikajaa nyumba. Picha haikuwapo. Kioo cheusi tii. Mama alikuwa amekwisha vuta kiti. Alisikiliza kitambo, akasema, "Basi yatosha. Nitasikiliza." Nilimwona mpwa akigeuza uso.

Baadaye aliomba tochi. Alizima taa ya chumba, akakimulika kioo kwa ubavu, na humo, hafifu kama sura ndani ya maji ya kisima, tukaona watu wakitufu Al-Kaaba. Picha ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mwanga. Kioo cha namna hii hakiwaki chenyewe. Nyuma yake mna mikanda ya taa ndogo zilizofungwa kwa mfuatano, na njia yao ikikatika mahali pamoja, huzimika zote. Kuifikia mikanda hiyo ni lazima kioo kitolewe, na tepe nyembamba zilizogandishwa ukingoni mwake zikichanika, kazi imekwisha. Vioo vingi hufia mikononi mwa watu hapo. Kwa hivyo tulianza na lililo jepesi, ule waya unaotoka bodi ya umeme kwenda kwenye taa. Ncha yake moja ilikuwa imeliwa kabisa, kijani kitupu. Waya kama huo ulikuwamo katika ile televisheni iliyopasuka. Ulichomolewa kule, ukachomekwa huku, na sebule ikapata mwanga.

Si kwamba imerudi kama mpya. Pembeni chini, mkono wa kushoto, maji yaliingia baina ya zile karatasi za mwanga na kuacha doa la kijivu lenye umbo la wingu, nalo halitoki. Mpwa alitaka kulifungulia njia, nikamkataza, nimejifunza kuacha.

Dada alisafiri salama. Siku ya Arafa, Jumamosi tarehe 15 Juni, mama alikaa tangu asubuhi na tasbihi mkononi. Mahujaji mwaka huo walikuwa zaidi ya milioni moja na laki nane, na jua la kule lilikuwa kali mno. Kamera zilionyesha miavuli mpaka upeo wa macho. Mama hakusema kwamba anamtafuta mtu, ila kila ilipokaribia sura ya mwanamke aliinama mbele. Kisha akanyoosha kidole pale pembeni kwenye lile doa, akauliza kama hapo ndipo palipo na kivuli. Mpwa alinitazama, kisha akamjibu, "Ndiyo, nyanya."

Bati tulilipigilia wiki ile ile, tukalipaka na lami, na televisheni ikahamishiwa ukuta wa pili.