Kupe wa bustanini: Usimpasue kwa kucha

Je, bustani yako ya sukuma wiki iko karibu na zizi la ng'ombe? Huko Malakisi, na hata viungani mwa Kitale na Bungoma, ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, kwa kuwa mbolea huwa karibu. Lakini kupe naye huwa karibu. Wafugaji humjua kwa kueneza ndigana kali inayoua ng'ombe. Wachache hukumbuka kwamba humdhuru binadamu pia.

Kupe haruki wala hana mabawa. Jike akishiba damu hudondoka na kutaga maelfu ya mayai ardhini. Watoto wake hupanda kwenye nyasi na kungoja mnyama, au mguu wako, upite. Hata hivyo, jua kali humkausha akafa. Huo ndio udhaifu wake.

Kwa hivyo, fyeka nyasi zinazozunguka bustani, hasa mvua ndefu inapoanza mwezi Machi. Weka ua ili ng'ombe na mbwa wasiingie. Majani ya ng'ombe yanayokatwa kando ya barabara huweza kuja na kupe, usiyarundike bustanini. Waachilie kuku karibu na zizi, kwani humdona kupe. Dawa ya kuogesha mifugo itumie kwa mifugo tu, kama anavyoelekeza daktari wa mifugo. Usiinyunyizie mboga wala kujipaka mwilini.

Utokapo bustanini, jikague kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Watoto wakague pia nyuma ya masikio. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa. Usimpasue kwa kucha pia, kwani anaweza kubeba virusi vya homa ya Crimea na Kongo. Ugonjwa huu ni nadra, lakini mwaka wa 2000 ulimuua mkulima mmoja magharibi mwa Kenya. Mtumbukize kupe katika spiriti, kisha unawe kwa sabuni.

Ukipata homa siku chache baadaye, pengine na kidonda chenye gamba jeusi palipoumwa, usikimbilie kununua dawa ya malaria. Nenda hospitalini ukapimwe, na umwambie daktari kwamba uliumwa na kupe. Neno hilo moja laweza kumwelekeza kwenye tiba inayofaa.