Biashara ya kubadilisha madirisha: advansi ya mteja si faida yako

Nyumba nyingi za zamani mjini sasa hivi zinavuliwa madirisha. Ya mbao yameliwa na mchwa, ya luva yamebaki na vioo nusu, na mwenye nyumba anataka alumini ya kusukuma kama aliyoweka jirani. Kazi ipo. Shida ni kwamba mteja anayekuja kwako ameshasikia habari za fundi aliyechukua hela akazima simu, au yalimkuta yeye mwenyewe. Anakuangalia kwa jicho hilo kabla hujafungua mdomo.

Wengi wanadhani fundi wa aina hiyo alikuwa tapeli tangu mwanzo. Wapo matapeli, hilo halina ubishi. Ila kuna wengine ni mafundi wazuri kabisa, mkono safi, kilichowaangusha ni hesabu ya advansi. Tuipige hapa, kwa namba za mfano tu.

Hela inavyopotea

Tuseme umekubaliana na mteja kazi ya madirisha 8 kwa shilingi 4,000,000. Vifaa vitakula 2,600,000. Vijana wako na usafiri, 700,000. Inayobaki kuwa yako ni 700,000. Mteja anakupa advansi ya asilimia 70, yaani 2,800,000.

Siku hiyohiyo mwenye karakana anadai kodi, na mtoto karudishwa nyumbani kwa ada. Unachomoa 800,000. Unajiambia utairudisha kazi ikiisha.

Sasa una 2,000,000 na vifaa ni 2,600,000. Unanunua profaili, yaani vile vyuma virefu vya alumini, halafu vioo unamwambia mteja "wiki ijayo, bosi". Kabla wiki haijaisha anatokea mteja wa pili mwenye kazi ya ukubwa uleule, naye anatoa 2,800,000. Unamega 600,000 humo, unanunua vioo vya yule wa kwanza, unafunga. Wa kwanza kafurahi, anamalizia 1,200,000. Unawalipa vijana 700,000, mkononi inabaki 500,000. Ukiirudisha kwenye hela ya mteja wa pili, bado kuna pengo la 100,000.

Yaani umefanya kazi, umeimaliza, mteja kakusifia, na una deni. Ulitumia 800,000 kwenye kazi yenye faida ya 700,000, tena uliitumia kabla haijaingia. Na hapo hakuna kioo kilichovunjika njiani wala bei iliyopanda dukani.

Mwezi unaofuata kodi inadai tena, unamega tena. Pengo linakua, linahamia kwa mteja wa tatu, wa nne. Inafika mahali advansi ya mmoja haitoshi kuziba ya mwingine, na hapo ndipo simu inapoanza kutopokelewa. Unaweza kusema hukupanga kumuibia mtu. Kwa mama aliyelala wiki mbili na turubai dirishani, tofauti hiyo haipo.

Cha kufanya

Advansi ingiza kwenye laini nyingine, au lipa namba tofauti na ile unayonunulia chakula. Hela ikiingia leo, vifaa vyote vya kazi hiyo vinunuliwe leo au kesho, vyuma na vioo pamoja, kisha mtumie mteja picha ya risiti ya duka na ya mzigo wenyewe. Hii inakukinga na jambo lingine pia: alumini tunayotumia kwa sehemu kubwa inatoka nje, bei yake dukani inafuata dola na soko la dunia. Ukichelewa, makadirio uliyompa mteja yanaanza kukukata wewe. Ndiyo maana karatasi ya makadirio iandikwe bei hiyo ni ya siku ngapi. Siku 14 zinatosha.

Kama ndiyo unaanza na hakuna anayekujua, mwache mteja aende nawe dukani alipe mwenyewe, wewe ubaki na ya ufundi. Mafundi wengi hawapendi, maana ile faida ndogo ya kwenye vifaa inaonekana au inapotea kabisa. Kwa maoni yangu ni bei nafuu ya kununua jina. Nyumba tatu ukizifanya hivyo, ya nne mwenyewe atakuambia "kanunue tu".

Malipo yagawe kulingana na kazi inavyoonekana kwa macho. Advansi ifidie vifaa, si zaidi ya hapo sana. Sehemu ya pili madirisha yakishafika kwenye nyumba. Kiasi kidogo cha mwisho, hata asilimia 10, kibaki mpaka mteja ayajaribu. Hicho kidogo kinaongea kuliko tangazo lolote, kwa sababu kinamwambia mteja kwamba huogopi dirisha lako.

Andika kila kitu, hasa mambo ya ukuta

Ugomvi mwingi wa kazi hii hautokani na alumini. Unatokana na ukuta. Ukichomoa fremu ya mbao iliyokaa miaka 30, plasta inakuja nayo. Nani atairudishia? Nani atapaka rangi? Na madirisha mengi ya zamani nondo zake zimepita ndani ya mbao hiyohiyo, kwa hiyo fremu ikitoka, na ulinzi umetoka. Mteja anahitaji grili mpya, na kama hukumwambia mwanzoni ataona umemgeuka katikati ya kazi. Kusema ukweli, atakuwa na haki.

Kwa hiyo kwenye karatasi weka: ukubwa wa kila dirisha, unene wa profaili na wa kioo kwa milimita, rangi, wavu wa mbu upo au haupo, grili ipo au haipo, plasta ni ya nani, kioo kikivunjika wakati wa kufunga ni cha nani. Ukurasa mmoja unatosha, kila mtu abaki na nakala. Hata mkimalizana kwa WhatsApp, usifute. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

Unene wa kioo ndipo wateja wanapopigwa zaidi, kwa sababu 4 na 5 ukizitazama kwa mbali ni kitu kimoja. Mizani haidanganyi: kioo cha kawaida kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Kioo cha milimita 5 chenye mita 1 kwa 1.2 ni kilo 15. Cha milimita 4 ukubwa huohuo ni kilo 12. Mfundishe mteja hesabu hiyo wewe mwenyewe, kabla hajafundishwa na mshindani wako. Na mkatie kipande kidogo cha profaili utakayotumia, akae nacho alinganishe mzigo ukifika.

Kuna jambo moja wauzaji wengi hulikalia kimya. Dirisha la kusukuma la milango miwili linafunguka nusu tu. Nyumba iliyozoea dirisha la mbao linalofunguka lote itapata joto, na kwa Dar es Salaam ya mwezi wa Februari hilo si dogo. Mwambie. Akitaka la kufunguka kwa bawaba atalipia zaidi, akitaka la kusukuma atajua alichochagua.

Siku ya kufunga

Pima mwenyewe, usipokee vipimo vya simu. Upana pima juu, katikati na chini. Urefu pima kushoto, katikati na kulia. Chukua kilicho kidogo, kisha pima kona kwa kona pande zote mbili, maana kuta za zamani mara nyingi hazijanyooka. Acha nafasi ya milimita chache kila upande ya kuwekea silikoni. Silikoni yenyewe, ile inayonuka kama siki ikifunguliwa ina asidi, haipatani na saruji wala chuma. Tafuta isiyo na asidi, inaandikwa kwenye kopo.

Usivue dirisha hata moja kabla mapya hayajafika yote kwenye nyumba na kujaribiwa vipimo. Vua chumba kimoja, funga, ndipo uhamie kingine. Nyumba ina watu, ina watoto, ina TV sebuleni. Vijana wanaovua madirisha manane asubuhi wakitegemea kumaliza jioni ndio wanaoiacha familia nzima ikikesha.

Kwa nyumba za karibu na bahari, Kigamboni, Tanga, Mtwara, tumia skrubu zisizoshika kutu. Za kawaida zitaanza kuacha michirizi ya kahawia ukutani, na michirizi hiyo ndiyo itakayokutangaza mtaani.

Kabla ya kudai hela ya mwisho, chukua mpira wa maji, mwagia dirisha kwa nje dakika kadhaa mteja akiwa ndani. Ile reli ya chini lazima iwe na vitundu vya kutolea maji upande wa nje. Fundi akivisahau, masika ya kwanza maji yanajaa kwenye reli na kumwagikia sebuleni. Kutoboa ni dakika mbili, kuitwa saa nne usiku mvua ikinyesha ni kitu kingine.

Ukimaliza, mwachie risiti ya kazi nzima na vipimo vya kila kioo. Mpira wa watoto utavunja kimoja siku moja, na mwenye nyumba atakupigia akiwa na saizi mkononi.