Heshima kwa Watakatifu katika Maandishi ya Awali ya Watawa wa Kikopti

Neno la Kikopti la kumtaja mtakatifu ni petouaab. Kwa muundo ni kishazi rejeshi, maana yake 'aliye safi', na mzizi wake ndio uliotumiwa katika Misri ya kale kumtaja kuhani aliyejitakasa. Msomaji wa Kiswahili ataitambua njia hiyo upesi, kwani mtakatifu naye ametokana na kutakata. (Walii ni habari nyingine: huyo hutajwa kwa ukaribu wake na Mungu, si kwa usafi.) Lakini jengo alimoheshimiwa mtakatifu liliitwa kwa maneno ya Kigiriki, topos au martyrion. Jambo hilo peke yake halithibitishi kitu, maana Kikopti kimejaa maneno ya Kigiriki. Hata hivyo laelekeza kwenye mgogoro wenyewe: je, utakatifu u katika mwenendo au katika mifupa?

Watawa wa mwanzo waliiogopa mifupa. Antony, aliyefariki mwaka 356, yasimuliwa na Athanasius kwamba aliagiza azikwe mahali pasipojulikana, kwa kuwa Wamisri walizoea kuzivika sanda maiti za watu wema na kuziweka vitandani majumbani mwao. Mwili wa Pachomius, aliyefariki mwaka 346, ulihamishwa kwa siri na mwanafunzi wake Theodore. Athanasius mwenyewe, katika barua zake za Pasaka za mwaka 369 na 370, aliwakemea Wameletio kwa kufukua maiti za wafiadini.

Aliyelisema jambo hili kwa ukali zaidi ni Shenoute, mkuu wa Monasteri Nyeupe karibu na Sohag, aliyefariki yapata mwaka 465, na ambaye hapana shaka ndiye bingwa wa nathari ya Kisahidi. Aliwashambulia watu waliodai kuoteshwa ndotoni palipo mifupa ya wafiadini, wakaichimbua na kuiweka makanisani. Itajulikanaje, auliza, kuwa ni mifupa ya mfiadini wala si ya mtu mwingine yeyote aliyezikwa hapo? Wapo wanaomdhania kuwa mpinzani wa watakatifu, nao wamemsoma kwa haraka. Kwenda kwenye topos kusali, kusoma na kuimba zaburi alikusifu. Alichokilaani ni kula na kunywa, biashara na uasherati vilivyoandamana na sikukuu.

Wanafunzi wake hawakuishia hapo. Sifa za maisha yake, zinazonasibishwa na Besa mrithi wake, zilisomwa katika siku ya kumbukumbu yake, tarehe 7 ya mwezi wa Epep. Tena mwaka 2002 kiligunduliwa katika monasteri hiyo chumba cha kaburi chini ya ardhi, kuta zake zimepambwa kwa michoro na maandishi, nao wataalamu wamekitambua kuwa ni kaburi la Shenoute mwenyewe.