Paka Akitoka Kuchanjwa

Chanjo ya kichaa cha mbwa ikishaingia chini ya ngozi, daktari wa mifugo amemaliza yake. Inayobaki ni kazi ya mwenye paka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujizuia. Siku hiyo na ya pili yake paka wengi huwa wazito: hulala, hula kidogo, joto la mwili hupanda kidogo. Ni kinga inajijenga. Hapa Litein, mvua ya jioni ikishanyesha kwenye mashamba ya chai, baridi hupenya hadi jikoni. Mtandikie gunia kavu upande wenye joto, mwekee maji, na watoto wamwache apumzike.

Balaa huletwa na huruma. Mtu humwona paka amejikunja, akamvunjia nusu ya Panadol. Ini la paka haliwezi kuimaliza dawa hiyo kama letu. Sumu inayobaki huharibu damu ishindwe kubeba hewa, ufizi ukageuka rangi ya matope, uso na nyayo zikavimba. Kidonge kimoja chatosha kumuua. Maziwa nayo, ambayo hatuna uhaba nayo huku, huwaharisha paka wengi wakubwa, kisha chanjo ndiyo inayolaumiwa. Na dawa ya kupe ya ng'ombe isimguse leo wala siku nyingine: paka hujilamba, kwa hiyo unachompaka atakimeza.

Cha kuogopa kweli hutokea mapema, mara nyingi ndani ya saa chache. Uso ukivimba, akitapika mfululizo au akihema kwa shida, mrudishe papo hapo, usingoje kuche. Kwa hiyo paka akishachanjwa, usikimbilie bodaboda ya kurudi nyumbani. Subiri hapo kwa daktari kama nusu saa.

Kinundu kidogo penye sindano huisha chenyewe. Kikidumu miezi 3, kikizidi sentimita 2, au kikiendelea kukua mwezi 1 baada ya chanjo, daktari akione, maana mara chache sana huwa saratani.

Jambo moja wengi hawaambiwi: chanjo ya kwanza, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12 ya umri, huchukua wiki 3 hadi 4 kushika. Akimng'ata au kumparura mtu katika kipindi hicho, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali, hata kama kadi ya paka ina muhuri. Kadi yenyewe itunzwe. Sindano ya pili ni baada ya mwaka.