Chai ya saa kumi na moja

Wamama wa Kabondo, sisi tuliokuwa hapa tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana ndani ya Kisangani, ukimya tuliuogopa. Mabomu yakinyamaza, tulihesabu watoto na kungojea lingine. Hata leo, tukibaki peke yetu kidogo tunatafuta kazi: sombe ya kutwanga, sufuria ya kusugua. Na jirani akituona tumekaa tu, anauliza kama ni malaria!

Sasa tunajaribu, kila mmoja kwake: saa kumi na moja asubuhi, kabla ya soko, kiti nje, chai, simu inabaki ndani. Siku za kwanza moyo ulikuwa unakimbia. Juzi chai iliisha ikiwa bado ya moto.